Ngoja Kidogo, Tunakutafutia

Maneno kumi na matatu. Niliyahesabu mara mbili kabla ya kumpa fundi wa kompyuta ayaweke kwenye tovuti ya duka la dawa, na nimeyahesabu mara nyingi zaidi tangu mke wa mzee mmoja wa milimani, juu ya Kinole, afariki huku mumewe akiyatii. Hayajaongezeka wala kupungua: "Ngoja kidogo, tunakutafutia. Andika namba yako ya simu hapa chini, tutakupigia. Usiende mbali." Mtu akitafuta dawa kwenye tovuti yetu, kompyuta ikashindwa kuiona, aliletewa ukurasa huo. Aliyeutunga ni mimi.

Sikusomea kompyuta, nilisomea meza. Miaka kumi na tisa niliuza viungo sokoni Morogoro: mdalasini, pilipili manga, karafuu, mali ya Kinole na vijiji vya juu yake. Magoti yalipokataa kusimama, mfamasia mmoja mwenye maduka mawili, moja mjini na jingine Bigwa, akanichukua nikae kaunta ya duka la mjini. Hakunificha kitu.

"Sikuchukui kwa ajili ya elimu, dada. Nakuchukua kwa ajili ya mdomo."

Nikamuuliza mdomo anaulipa kwa uzito au kwa urefu. Akacheka sana, lakini mshahara hakuupandisha. Nilijaribu mara mbili.

Baadaye akaamua duka liwe na tovuti, ili mtu wa mbali aangalie kwanza kama dawa yake ipo ndipo apande gari. Wazo zuri, hata leo sina neno nalo. Akamleta fundi, dada mmoja wa Kisukuma, mpole, anayekula karanga huku anaandika. Siku aliyotuonyesha kazi yake, mfamasia aliandika dawa ambayo hatukuwa nayo. Ikaja karatasi nyeupe, na katikati yake: Hakuna matokeo.

"Hii nini?" nikamuuliza fundi.

"Ndiyo ukurasa wa mtu aliyetafuta akakosa, mama."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba hakuna."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Kwenu Usukumani mgeni akija mmeshakula, mnamwambia hakuna halafu basi?"

"Kwetu tunapika tena, mama. Lakini kompyuta haipiki."

Ikabidi niwafundishe soko. Sokoni kwetu neno "hakuna" halitoki mdomoni mwa mtu mwenye meza. Mteja akiulizia iliki nami sina, nasema: "Ipo, mteja wangu, ngoja kidogo, usiende mbali." Nampa kigoda. Nazunguka nyuma, nakwenda meza ya nne kwa jirani, nachukua iliki yake, narudi nayo kama imetoka chini ya meza yangu. Kesho jirani atakuja kuchukua karafuu kwangu. Ukimwambia mteja hakuna, umemsukumia kwa mtu mwingine kwa mikono yako miwili.

Upande wa mteja nao una sharti. Aliyeambiwa ngoja, anangoja. Na akiipata kwingine, au shida yake ikiisha, anarudi kwenye meza yako kukwambia: usitafute tena. Anakuachilia, usiendelee kuhangaika kwa ajili yake. Asiyefanya hivyo tunamwita mhuni, hata akivaa kanzu.

Basi nikaichukua desturi hiyo nzima nikaitia kwenye ukurasa. Mfamasia alifurahi. Alisema ukurasa sasa una utu. Fundi alisoma, akatafuna karanga, akauliza swali moja.

"Na tukimpigia asipatikane?"

"Atapatikana. Mtu anayetaka kitu hapotei."

"Tuweke na namba ya duka, ili yeye naye apige?"

Hapo mfamasia akakataa. Watu watapiga kuulizia bei tu, akasema, halafu watakwenda kununua kwa mwingine. Nami nikamuunga mkono. Nilikuwa mtu wa soko, nilijua watu wa namna hiyo kwa sura.

Kwa muda ukurasa ulifanya kazi yake. Kila asubuhi kompyuta ilinipa orodha ya waliokosa jana yake wakaacha namba: walichoandika na namba zao za simu. Watu waliandika wanavyosema. "Dawa ya kifua kinachobana." "Ile nyeupe ya presha, nusu nusu." Mmoja aliandika "shikamoo", akaambiwa angoje kidogo, anatafutiwa. Nilicheka siku nzima. Mchana, foleni ikipungua kaunta, nilikaa na daftari langu nikawapigia mmoja mmoja, nikapatana nao, jioni dawa zikapakiwa kwenye gari.

Alhamisi moja ya masika orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja. Nikarudia kuhesabu: kumi na mmoja. Wa saba alikuwa ameandika "sindano ya sukari". Kompyuta haikuiona kwa sababu sisi tuliiandika kwa jina la kwenye boksi, la Kiingereza, refu, na huko alikotoka nani analijua? Lakini mimi nilielewa mara moja. Nikaenda kwenye friji. Chupa tatu. Nikazihesabu tena, tatu. Nikaitenga moja, nikaifunga utepe.

Mchana nikapiga. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Ijumaa, mchana uleule, mara mbili. Haipatikani.

Mtu anaweza kuniuliza mbona sikutuma meseji. Nimeshajiuliza, kwa hiyo nitajibu. Sokoni bei haiandikwi. Ukiandika, imekufunga, huwezi tena kuipandisha wala kuishusha kwa kumsikia mtu anavyopumua. Wiki ile dawa ile ilikuwa adimu, zahanati nyingi zilikuwa zimeishiwa, nami nilitaka kwanza nisikie sauti ya huyo mtu nijue ni wa kupatana naye vipi. Ndiyo sababu. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi ya hiyo.

Jumamosi nikafungua utepe, nikairudisha chupa kwenye safu pamoja na wenzake, nikaandika daftarini: hakupatikana. Nikapiga mstari.

Jumanne iliyofuata, kabla ya saa nne, akaingia mzee. Nilimjua. Kwa miaka nilinunua mdalasini kwake sokoni. Mara moja tulivutana tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri kwa gunia moja, na tulipoachana kila mmoja aliamini amemwibia mwenzake, ambayo ndiyo biashara njema. Siku hiyo alivaa kofia safi na viatu vyenye udongo mwekundu mpaka kwenye kifundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko juu?"

"Njema." Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nikamsogezea kiti, hakukaa. "Sikai. Nimekuja kukwambia usitafute tena."

"Nisitafute nini, baba?"

"Ile sindano ya sukari. Ya mama yako. Tumemzika Jumamosi."

Mimi ni mtu wa maneno. Siku hiyo hata pole ilichelewa. Nilisema innalillahi wakati yeye alikuwa ameshaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya safari.

Mkewe alikuwa akichoma sindano miaka mingi. Chupa waliiweka ndani ya chungu cha mchanga wenye maji, ipate ubaridi. Walikokuwa wakiipata wakaambiwa imekwisha, hawajui lini italetwa. Binti yao wa Dar aliwaachia simu ya kupangusa alipokuja Idi, akawaonyesha tovuti yetu. Nyumbani kwao mtandao haufiki. Unapanda kama nusu saa mpaka kwenye jiwe moja kando ya migomba, hapo unashika. Jumatano asubuhi alipanda, akaandika, akajibiwa, akaacha namba.

"Gari la kushuka lilinikuta palepale kwenye jiwe," akasema. "Dereva akapiga honi. Nikamwambia nenda tu, mimi nimeshaambiwa ningoje."

"Uliambiwa na nani, baba?"

Akanitazama kama mtu anayepandishiwa bei. "Na wewe."

"Mimi?"

"Yale si maneno yako? 'Usiende mbali.' Nilishuka nikamwambia mama yako, tulia, pale dukani yupo yule binti wa mdalasini, nimemsikia kabisa. Yule hajawahi kuniambia ngoja akarudi mikono mitupu."

Alipanda kwenye jiwe kila siku asubuhi na jioni. Katikati alikuwa chini na mgonjwa, anamnywesha maji, anamfuta. Mchana, mimi nilipopiga, alikuwa huko. Wengine simu zao huwaletea taarifa kwamba walipigiwa. Yake haikuleta kitu. Ijumaa jioni alipanda mara ya mwisho.

Fundi alikuwa amekaa nyuma yangu siku hiyo, amekuja kurekebisha mashine ya risiti. Nilimsikia ameacha kutafuna. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri: chupa ziko hatua nne kutoka pale alipo mzee. Ningeweza kunyamaza. Yeye hakuuliza, wala hakuwa na sababu ya kuuliza. Alikuja kuniachilia tu, kama desturi inavyotaka, kwa nauli yake, siku tatu baada ya kuzika, ili mimi nisiendelee kuhangaika.

"Baba," nikasema, "ilikuwepo."

"Nini?"

"Sindano. Ilikuwepo hapa tangu siku hiyo. Nilikupigia Alhamisi na Ijumaa, mchana. Sikukupata."

"Ilikuwepo wapi?"

Nikafungua friji. Akazunguka kaunta, akaja akasimama karibu yangu, ubaridi ukatupiga usoni sote wawili. Akaangalia muda mrefu.

"Hizi?"

"Hizi."

"Tatu."

"Tatu, baba."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Mimi kelele naziweza, nimezijibu maisha yangu yote. Alifunga mlango wa friji yeye mwenyewe, polepole, akaubonyeza kuhakikisha umeshika.

"Ungesema tu hakuna," akasema. "Hakuna ni neno la kawaida, mwanangu. Sote tunalijua. Mtu akiambiwa hakuna anajua la kufanya."

Nikamwambia nilidhani ni ukatili. Akasema, "Sokoni, ndiyo. Sokoni mtu anatafuta iliki." Akaomba radhi kwamba anawahi gari, akatoka.

Sijui kama sindano ya Alhamisi ingemwokoa. Nilimuuliza mfamasia, akasema inategemea, na alipoona sijaridhika akasema inategemea mara ya pili. Mimi nimewahi kuwauzia watu kwa mizani iliyolala upande, najua jibu linaposhikiliwa kidole.

Mchana huo fundi alinigeuzia kompyuta. Alikuwa ametafuta kumbukumbu za ile simu. Kila kitu mtu anachoandika kwenye kisanduku cha kutafutia hubaki, sikujua. Mzee alikuwa ameandika mara tisa. Nikahesabu, tisa. Jumatano: "sindano ya sukari." Kisha "dawa ya sukari ya kuchoma". Kisha "dawa ya sukari ya mke wangu". Alhamisi alfajiri tena, na jioni tena, kwa maneno yaleyale yaliyopangwa upya, kama mtu anayejaribu funguo. Ya tisa, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, hakutaja dawa. Aliandika: "mmefika wapi".

Na chini yake kompyuta ilikuwa imemjibu, kwa sauti yangu, angoje kidogo, tunamtafutia.

Fundi alifuta macho kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyeiunganisha ijibu kila kitu," akasema.

"Wewe uliuliza," nikamwambia. "Wewe peke yako uliuliza."

Tukaenda kwa mfamasia. Yeye alisikitika kweli, sitamsingizia. Lakini alisikitika kama mtu mwenye duka.

"Ni mtandao, dada. Milima ile haina mtandao. Sisi tumekosea wapi?"

"Tumemwambia asiende mbali."

"Sasa tuandike hatuna? Wataondoka."

"Ndiyo nataka waondoke, bosi."

"Waende wapi?"

"Popote penye dawa."

Akaegemea kiti. "Umekuja kunifungia duka?"

Nimepatana na watu wagumu kuliko yeye. Kwanza nikaomba kikubwa: orodha ya maduka mengine yote ya mjini, iandikwe hapohapo chini ya ukurasa. Akaruka kama kakanyaga moto, jambo ambalo nililitarajia. Nikashuka: basi namba ya duka, na hospitali. Namba akaipinga kwa sababu ileile ya wapiga simu wa bei. Nani atapokea siku nzima? Mimi, nikasema. Na Jumapili? Mimi. Jumapili zangu zilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuwahi kukipata kwa bei yoyote, na alikuwa amejaribu. Akakubali.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mimi na fundi. Tulikaa na kumbukumbu za watu wote waliowahi kukosa, tukaandika kwa kila dawa jinsi wanavyoiita wao, si boksi linavyoiita. Ilituchukua wiki tatu. Wengi walikuwa wametafuta vitu ambavyo tulikuwa navyo. Niliwahesabu, nikarudia, na hesabu ya pili ikaja kubwa vilevile, kwa hiyo sikumwonyesha mfamasia. Kisha tukaandika ukurasa mpya kwa waliobaki: "Hatukuipata dawa kwa jina uliloandika. Huenda ipo kwa jina jingine, piga namba hii sasa hivi. Tusipopokea, usitusubiri. Nenda hospitali leo." Ukarimu haukuwemo. Fundi aliuliza kama tumalizie na asante. Nikamwambia asante ya nini.

Siku ya arobaini ya marehemu nilipanda Kinole, kisha nikapanda zaidi, kwa magoti haya, kwenda kwenye hitima. Baada ya kula, mzee alinipeleka kwenye jiwe. Sikumwomba. Labda alitaka nilione. Ni jiwe tu, limelainika juu kwa kukaliwa, na migomba pembeni, na barabara inayopita kando yake unaiona yote inavyojikunja kuelekea mjini.

Akatoa ile simu ya kupangusa. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, "sindano ya sukari". Tukasubiri. Ikaja: Ipo. Duka la mjini, chupa mbili.

Upepo ulipita kwenye migomba. Kisha mzee akafuta yale aliyoandika.

"Sasa niandike nini, ili mkose?"

"Chochote tusichouza, baba."

Akafikiri. Akaandika jina la tunda, "doriani". Ukurasa wetu mpya ukafunguka, nikaona midomo yake ikisoma. Alifika katikati akaacha, akaizima simu.

"Hujamaliza," nikasema.

"Sisi hatumalizi. Bando la kumaliza liko wapi? Tunasoma mwanzo. Tukiona mmetujibu, tunazima."

"Kwa hiyo hukuliona neno la kutosubiri."

"Liko wapi?"

"Mwishoni."

"Ehe."

Nikampigia fundi palepale, nimesimama kwenye jiwe kwa sababu hatua mbili pembeni sauti inakatika. Nikamwambia achukue la mwisho aliweke la kwanza. Akaniuliza lisomekeje. Nikamwambia: "Hatuna. Usitusubiri." Mengine yafuate chini yake kwa anayetaka kuendelea. Bosi je? Bosi nitazungumza naye mimi. Nikasikia karanga, kisha vidole vyake kwenye herufi.

"Tayari, mama. Fungua."

Mzee akaandika doriani tena. Hakuwa na haraka. Ilipofunguka aliisogeza simu mbali na macho, kama wanavyofanya watu wasio na miwani, akasoma lile neno la kwanza, akasoma na la pili.

"Hapo," akasema, "hapo ningepanda gari."

Akaitia simu mfukoni mwa shati, akaanza kushuka mbele yangu.